Panga mtoko kuanzia safari ya kurudi: kwa familia inayokaa mji wa ugenini kwa miezi

Familia inayokwenda mji wa ugenini kwa siku tano hutembea kwa pupa, na haina kosa, kwa sababu ikikosa kitu leo imekikosa. Familia inayokaa huko miezi mitatu au mwaka, iwe kwa kazi, masomo au matibabu, ina kitu ambacho mtalii hana: inaweza kuondoka mapema bila majuto. Mmefika bustani ya wanyama, mmeona twiga na nyani, mdogo ameanza kulia. Rudini nyumbani. Simba mtamwona wiki ijayo. Ajabu ni kwamba familia nyingi za aina hii hutembea kitalii wiki mbili za mwanzo, huchoka, kisha hujifungia ndani hadi mkataba wa nyumba uishe.

Mtoko ukiharibika, mara nyingi huharibika saa ya mwisho. Asubuhi kila mtu ameshiba, amelala vizuri, na begi limejaa. Shida inakuja wakati wa kurudi: maji yameisha, simu ina asilimia nne, basi limejaa, na mtoto wa miaka mitatu amesinzia begani. Hapo ndipo mzazi anapoapa kwamba hatoki tena. Kwa hiyo ratiba ipangwe kinyumenyume, kuanzia mwisho.

Chukua familia ambayo mtoto wake mdogo hulala saa saba mchana. Anatakiwa awe nyumbani saa sita na nusu, anawe, ale kidogo. Safari ni dakika 40. Ongeza 20 za kusubiri usafiri na kwenda msalani, kwa hiyo mnaondoka saa tano na nusu. Lakini watoto hawaondoki kwa kuambiwa mara moja. Kuvaa viatu, kutafuta kofia na kuagana na bembea huchukua robo saa, hivyo mchezo unakoma saa tano na robo. Mkitaka saa mbili kamili za kucheza, mfike saa tatu na robo, mtoke nyumbani saa mbili na nusu, na maandalizi yaanze saa mbili. Asubuhi nzima, mchezo ni saa mbili tu. Ukipiga hesabu hiyo ukaona kinachobaki kucheza ni dakika 40, basi pale ni mbali mno kwa umri huo. Kuamka mapema zaidi hakusaidii. Ama ngojeni mtoto aache kulala mchana, ama mwacheni alale kwenye kigari mkiwa njiani na muuchukue usingizi huo kama sehemu ya ratiba.

Kwa wiki nzima, mpango unaodumu ni huu: mtoko mmoja mkubwa wa nusu siku, midogo miwili au mitatu ya saa moja karibu na nyumbani, na angalau siku moja isiyo na chochote. Mtoko mdogo urudiwe mahali palepale. Wazazi huona kwamba kurudi bustani ileile ni uvivu, ilhali mtoto aliyehamishwa anahitaji mahali pamoja anapopajua kwa undani, anapojua bembea ipi inalia na bomba lipi lina maji. Hapo pia ndipo atakapozoeana na watoto wengine, kwa kuwa marafiki hupatikana kwa kuonana siku zilezile, saa zilezile.

Wiki ya kwanza msinunue tiketi yoyote

Kama mmevuka majira ya saa, mwili huchukua takriban siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti, na kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi. Watoto wataamka usiku wa manane na kusinzia mchana. Tiketi yenye saa maalumu katika siku hizo ni kujitafutia ugomvi. Wiki hiyo itumieni kutembea kwa miguu, nje, kwenye mwanga wa mchana, ambao ndio unaorekebisha saa ya mwili.

Tembeeni dakika 15 kuelekea kila upande wa nyumba, mkiwa na kigari cha mtoto kama mtakitumia. Kila safari wekeni alama kwenye ramani ya simu: msala ulio wazi, bomba la maji ya kunywa, kivuli na mahali pa kukaa, duka la dawa, mahali pa kujibanza mvua ikinyesha, na ngazi ambazo kigari hakipiti. Alama ya msala iandikwe saa za kufunguliwa, maana vyoo vya bustani nyingi hufungwa mapema kuliko bustani zenyewe. Tembeeni saa zilezile mnazotarajia kutoka baadaye. Uwanja wenye kivuli asubuhi unaweza kuwa kikaango saa nane.

Msiziamini dakika za ramani. Hukadiria mwendo wa mtu mzima, karibu kilomita 5 kwa saa, bila kusimama. Mkiwa na mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anayetembea mwenyewe, zidisheni mara mbili. Ramani pia haijui kwamba lifti ya kituo imeharibika. Pakueni ramani ya mji mzima ikae kwenye simu ili ifanye kazi bila intaneti, kwa sababu mtandao hupotea chini ya ardhi na kwenye umati, yaani pale hasa mnapouhitaji.

Kituo cha basi la kurudi kitazameni kabla ya kutoka. Kwenye barabara za njia moja hakiko ng'ambo ya pale mliposhukia. Kinaweza kuwa mtaa wa pili. Ratiba ya Jumapili na sikukuu si ya Jumatatu. Kadi za usafiri ziwekwe salio la kwenda na kurudi kwa pamoja, kwani foleni ya kuongeza salio jioni ndiyo ndefu kuliko zote. Na tengeni nauli ya teksi moja isiyoguswa kwa jambo lingine.

Teksi ina mtego wake: kiti cha mtoto. Kama mnatumia kiti chenu, kifungeni kisha mkikamate pale mkanda wa gari unapopita na mkitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, hakijafungwa. Ikiwa mtoto anaangalia nyuma, mikanda ya mabega itoke kwenye usawa wa mabega au chini yake kidogo. Akiangalia mbele, kwenye usawa wa mabega au juu kidogo. Koti nene livuliwe kabla ya kufunga mikanda, kwa sababu gari likigonga koti hubonyea na mkanda hubaki umelegea. Mfunge kwanza, kisha mfunike koti kwa juu.

Mlango wa treni na mtoto aliyepotea

Haya mawili yafanyiwe mazoezi nyumbani, kwa vitendo.

Milango ya treni ikifunga na kuwatenganisha, kanuni ni moja, mtoto anasubiri na mtu mzima ndiye anayemfuata: mtoto akibaki jukwaani anabaki palepale, hasogei hata hatua kumi, akiwa ndani anashuka kituo kinachofuata na kusubiri pale pale aliposhukia. Kama aliyebaki ni mtoto, mtu mzima aliyemo ndani anashuka kituo kinachofuata na kurudi kwa treni ya kwanza. Kama aliyeondoka ni mtoto, anashuka kituo kinachofuata, anasimama karibu na mahali aliposhukia au anaketi benchi lililo karibu zaidi, na mtu mzima anamfuata kwa treni inayofuata ya njia hiyohiyo. Balaa huanza pale kila mmoja anapomfuata mwenzake na wakapishana njiani. Mtoto akirudia maneno "nikibaki nakaa, nikienda nashuka" mara kadhaa mkiwa sebuleni, yatamjia siku hiyo hata akiwa na hofu. Mzazi aliyetenganishwa na mtoto amwarifu mfanyakazi wa kituo mara moja pia, kwa kuwa wao wanaweza kupiga simu kituo cha mbele. Njia ya kuzuia ni nyepesi: mtu mzima mmoja aingie kwanza, watoto wafuate, mtu mzima mwingine awe wa mwisho. Aliye peke yake aingie akiwa amewashika watoto mkono, na mlango ukianza kulia, asubiri treni nyingine.

Kuhusu kupotea, familia za makazi ya muda husahau jambo moja dogo. Mtoto amefundishwa kwa miaka miwili namba ya simu ya mama na anwani ya nyumbani. Sasa mama ana laini mpya na nyumba ni nyingine. Mtoto atazitaja zile za zamani kwa ufasaha na hazitamsaidia mtu. Siku mnapoweka laini mpya, mfundisheni namba hiyo. Kwa mdogo, iandikeni kwa kalamu kwenye mkono, pamoja na namba ya nchi, na mbandike utepe mwangavu wa plasta juu yake ili jasho lisiifute. Mfukoni awe na kadi yenye jina la jengo, mtaa na simu, kwa lugha ya mji huo. Jina la mtoto lisiandikwe mahali linapoonekana kwa nje. Mtu mbaya akimwita kwa jina, mtoto atadhani anajulikana.

Kabla ya kutoka mpigeni picha akiwa wima, viatu vikionekana. Mzazi aliyeshtuka hakumbuki fulana ilikuwa ya rangi gani. Akipotea, asimame alipo, aite jina la mzazi kwa sauti badala ya kusema "mama" tu, maana mama wako wengi, na amwendee mfanyakazi mwenye sare au mzazi mwingine mwenye watoto. Mkifika mahali pakubwa, chagueni alama moja ya kukutania, iwe kubwa na isiyohama. Gari la kuuzia aiskrimu halifai, linaondoka.

Begi

Lita moja ya maji ni kilo moja, na hapo ndipo uzito wa begi unapotoka. Kwa nusu siku beba takriban nusu lita kwa kila mtu, kisha jaza tena mnakokwenda. Kama bomba la huko hamjalithibitisha, beba mara mbili. Chupa moja au mbili zigandishwe usiku, zijazwe robo tatu tu ili barafu isipasue plastiki. Zitapoza chakula asubuhi na kunywewa mchana. Chakula kinachoharibika haraka, kama nyama, mayai, maziwa na wali uliopikwa, kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 za Selsiasi kikae saa moja tu. Kwa watoto walio chini ya miaka minne, zabibu na matunda mengine madogo ya mviringo yakatwe kwa urefu vipande vinne, na wayale wakiwa wameketi. Tunda la mviringo hukaa kama kizibo kwenye koo jembamba.

Vingine ni vichache: nguo moja kamili ya kubadilisha kwa kila mtoto chini ya miaka sita, fulana moja ya mzazi (huyo ndiye anayetapikiwa), nepi moja kwa kila saa mbili na mbili za ziada, mfuko usiopitisha maji wa nguo chafu, plasta, na dawa ambazo mtu hutumia kila siku. Pawa benki ya 10,000 mAh haitoi 10,000. Kipimo hicho ni cha betri ya ndani yenye volti 3.7, ikipandishwa hadi volti 5 na nyingine ikapotea kama joto, kinachofika kwenye simu ni karibu 6,000, yaani simu ya kawaida mara moja na kidogo. Wazazi wawili wenye simu mbili wajue hivyo.

Msitundike begi kwenye mpini wa kigari. Mtoto akiwemo, kigari kinasimama. Mtoto akinyanyuliwa, kigari kinabinuka nyuma, na mara nyingi mtoto mwingine yuko nyuma yake. Uzito ukae kwenye kikapu cha chini. Msifunike kigari kwa khanga au blanketi kuzuia jua, hata likiwa jepesi. Hewa haipiti, joto ndani hupanda kwa dakika chache, na mzazi hamwoni mtoto. Tumieni mwavuli, au kinga ya kigari iliyo wazi pembeni.

Uwanja wa michezo

Jeraha ninalotaka kila mzazi alielewe hutokea kwenye mtelezo, na linasababishwa na upendo. Mzazi anaogopa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ataanguka, anampakata, wanateleza pamoja. Njiani kiatu cha mtoto, chenye soli ya mpira, kinagusa ukuta wa mtelezo na kunasa. Mtoto akiwa peke yake, mguu ukinasa anasimama, kwa sababu ana kilo kumi tu. Akiwa amepakatwa, uzito unaoendelea kushuka ni wake pamoja na kilo sabini za mzazi, na kitu pekee kinachoushikilia ni mfupa wa muundi wake. Unavunjika kwa kupinda. Mtoto ambaye hawezi kuteleza peke yake bado hajafikia mtelezo huo. Mtafutieni mfupi zaidi, msimame pembeni mkimshika kiunoni.

Kabla ya kupanda chochote vueni helmeti ya baiskeli. Kiwiliwili cha mtoto hupita kwenye nafasi ambayo kichwa chenye helmeti hakipiti, naye hubaki ananing'inia kwa shingo. Kamba za kofia ya koti ziondolewe kabisa kwa sababu hiyohiyo. Mtelezo wa chuma au wa plastiki nyeusi uguseni kwa mgongo wa mkono kwa sekunde tano. Usipoweza kuvumilia, ngozi ya mtoto itaungua.

Mzazi aliye peke yake na watoto wawili achague viwanja vyenye uzio na lango moja, akae karibu na lango badala ya kukaa karibu na watoto. Mtoto akikimbia, atakimbilia kwako.

Majini

Hapa ndipo pa kuwa mkali kuliko popote. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Kinywa chake kiko kwenye usawa wa maji, hawezi kuvuta pumzi na kupiga ukelele kwa wakati mmoja, na mikono inasukuma maji kwa chini. Kwa mtu wa ukingoni anaonekana anacheza. Sentimita 5 za maji zinatosha kumzamisha mtoto mchanga. Kwa hiyo mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa kufikiwa na mkono wako, wewe ukiwa ndani ya maji.

Wakiwepo watu wazima wengi, hatari huongezeka, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwingine anaangalia. Gawaneni zamu za dakika 15: mwenye zamu hashiki simu, hasomi, hazungumzi akiwa amegeuka, na anapomaliza anamkabidhi mwenzake kwa kutamka kabisa, "Sasa ni wewe." Mlinzi wa bwawa hachukui nafasi yenu. Maboya ya kujaza hewa ya mikononi ni vitu vya kuchezea, na hayafai kutegemewa kumwokoa mtu. Huchomoka, hutoboka, na humzoesha mtoto kukaa wima majini, mkao ambao siku asipoyavaa utamzamisha. Nguo za kuogelea za bluu, kijivu au nyeupe hupotea chini ya maji ya bwawa. Nunueni za machungwa kali, waridi kali au njano ya kung'aa.

Kwenye boti ni jaketi la kuokolea linalolingana na uzito ulioandikwa ndani yake. Lipimeni hivi: mtoto akiwa amefungwa vifungo vyote, shikeni mabega ya jaketi mnyanyue. Likipanda hadi masikioni au kidevu kikazama ndani, ni kubwa. Kwa wadogo lazima liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu.

Ufukweni, ile sehemu tulivu kati ya mawimbi mawili yanayovunjika, inayoonekana salama kwa watoto, huenda ndiyo mkondo unaorudisha maji baharini. Akivutwa, mtu asishindane nao. Aelee, aogelee sambamba na ufuko hadi atoke kwenye mkondo, kisha arudi kwa mshazari. Kwa watoto, chagueni tu ufuko wenye walinzi na muogelee kati ya bendera zao. Kama mlikulia kando ya bahari, msijidanganye kwamba bahari zote mnazijua. Ufuko mgeni una mikondo mipya kwenu.

Dawa ya klorini huua vijidudu vingi ndani ya dakika chache, isipokuwa vya kriptosporidi, ambavyo huweza kuishi zaidi ya siku saba hata kwenye bwawa lililotiwa dawa sawasawa. Ndiyo maana mtu aliyeharisha kwa vijidudu hivyo akae nje ya bwawa wiki mbili baada ya kupona. Wageni wa mji huharisha mara nyingi wiki za mwanzo, na mara nyingi hamjui kilichosababisha. Basi bwawa lisubiri.

Makumbusho, na hesabu ya pasi ya mwaka

Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyefanya kazi kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Boston, alichapisha makala yenye picha za mtu akiinama, akipiga magoti na kujipinda ili asome vibao vilivyowekwa vibaya. Hoja yake ilikuwa kwamba uchovu wa makumbusho kwa sehemu kubwa ni wa misuli. Mtoto ana tatizo hilo kwa upande wa pili: kabati limewekwa kwa macho ya mtu mzima, na kutoka chini anaona mwako wa taa juu ya kioo. Anayesema "hapa hakuna kitu" anasema kweli. Mnyanyueni, au nendeni kwenye vitu vinavyoanzia sakafuni: mifupa ya wanyama wakubwa, magari, boti.

Dakika 45 hadi saa moja zinatosha kwa walio chini ya miaka minane. Chagueni vitu vitatu nyumbani kupitia tovuti ya makumbusho, nendeni moja kwa moja kwenye kile kilicho mbali na mlango, kisha mrudi mkielekea nje. Siku za kuingia bure zina umati; kwa familia yenye kigari, ni heri kuingia saa ya kwanza ya siku ya kawaida. Begi la mgongoni na kigari vinaweza kuzuiwa mlangoni, kwa hiyo mje na kibebeo cha kifuani na vitu vya lazima ndani ya mkoba mdogo.

Kwa wanaokaa zaidi ya miezi miwili, pasi ya mwaka huwa nafuu kuliko inavyodhaniwa. Jumlisheni tiketi za familia nzima kwa siku moja, kisha gawanyeni bei ya pasi kwa jumla hiyo. Mkipata 3.5, ziara ya nne ndiyo inayowalipa. Ulizeni mambo manne kabla ya kulipa: je, inaanza kuhesabiwa siku ya kununua au ya kwanza kutumia, je, inamfunika yaya au bibi anayewaleta watoto bila wazazi, je, inatambuliwa sehemu nyingine za mji, na je, tiketi ya leo inakatwa kwenye bei ya pasi mkiamua kabla ya kutoka. Faida kubwa ya pasi iko kwenye kichwa cha mzazi. Asiyelipia kila mara haoni hasara kuondoka baada ya dakika 40.

Jua, radi na kichefuchefu

Kipimo cha miale ya jua, ambacho programu nyingi za hali ya hewa hukionyesha, kikifika 3 mnahitaji kinga. Kikifika 8 kaeni kivulini katikati ya mchana. Bila simu, tazameni kivuli chenu: kikiwa kifupi kuliko ninyi, jua ni kali. Krimu ya SPF 30 au zaidi ipakwe robo hadi nusu saa kabla ya kutoka na irudiwe kila saa mbili na kila baada ya kuogelea. Mwili mzima wa mtu mzima hutumia takriban mililita 30, na wengi hupaka chini ya nusu ya hapo kisha hulaumu krimu. Watoto wa chini ya miezi sita wakingwe kwa nguo na kivuli.

Mkisikia radi, mko karibu vya kutosha kupigwa. Ingieni kwenye jengo la kudumu au gari lililofungwa. Kibanda cha bustani kilicho wazi pembeni hakikingi, na mti ni hatari. Tokeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya.

Kichefuchefu cha safari huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili, macho yakiona kiti kisichosogea huku sikio la ndani likihisi mwendo. Simu na kitabu ndivyo vinavyokizidisha. Mketisheni anakoona barabara mbele, fungueni dirisha, mpeni chakula kidogo kikavu kabla ya safari, na msimwache na njaa wala msimshibishe. Akianza kupiga miayo na midomo ikapauka, mna dakika chache tu.

Kijana, na aliye na mgonjwa

Mwenye miaka 14 hakuchagua kuhama, na kumburuta kwenye uwanja wa bembea kila Jumamosi humfanya auchukie mji mzima. Mtoko mkubwa mmoja kati ya mitatu auchague yeye, wengine wamfuate bila kunung'unika. Mingine apewe ruhusa ya kubaki, au atengane nanyi kwa saa moja ndani ya eneo lililotajwa, simu ikiwa na chaji na mahali pa kukutania pakiwa pamekubaliwa.

Familia iliyokuja kwa matibabu ipange mitoko ndani ya nusu saa kutoka hospitali au nyumba, ya siku isiyo na miadi, na tiketi ziwe zinazoweza kubadilishwa tarehe. Ndugu wa mgonjwa ndio husahaulika. Mtoko mdogo wa mmoja mmoja na mzazi mmoja huwafaa kuliko safari kubwa ya wote. Kama mgonjwa kinga yake ya mwili imeshuka, daktari ndiye aseme kuhusu mabwawa, umati na wanyama wa kushikwa.

Wiki mbili za mwisho

Msizijaze na vyote mlivyokosa. Waulizeni watoto wanataka kurudi wapi, nanyi mtaona wengi wakitaja uwanja ule mdogo wa mtaani. Rudisheni baiskeli na viti vya kukodi angalau siku tatu kabla ya kuondoka ili dhamana ihakikiwe mkiwa bado mpo, kadi za usafiri ziombewe salio lililobaki, na pasi zinazojilipia zenyewe zisitishwe kabla ya kubadilisha laini ya simu, kwa sababu namba za uthibitisho hutumwa kwenye laini hiyo. Mtoko wa mwisho wa majini uwe siku tatu kabla ya safari. Viatu vilivyolowa, hata vikijazwa karatasi za magazeti zinazobadilishwa kila baada ya saa chache, huweza kuchukua siku mbili kukauka, na vikifungwa sandukuni vikiwa na unyevu vitaotesha ukungu hadi kwenye nguo za shule.